Bustani ya mapolo ya kikundi, Chukwani: udongo, maji ya kisima na mgawo wa pesa

Mama_Chukwani aliuliza:

Assalamu alaykum wenzangu.

Sisi ni kina mama 22 wa Chukwani, Unguja, tuna kikundi cha hisa (cha kuweka akiba na kukopeshana) kinachokutana kila Jumamosi baada ya alasiri. Tumekubaliana tuanze bustani ya mboga. Jirani ametupa kiwanja ambacho hajengi kwa sasa, mita 12 kwa 18 hivi. Nusu yake ni jiwe tupu la uwanda, nusu ina udongo mwembamba, ukipiga jembe mara mbili unasikia jiwe. Kivuli hakuna ila mwembe mmoja pembeni. Maji ya mfereji hayana siku maalumu. Kisima kipo hatua 50, watu wanafulia lakini hawanywi, maji yana chumvichumvi.

Tunataka mchicha, bamia, tungule, pilipili na kotmiri, na tungependa tuwe na mzigo wa kuuza Ramadhani. Kwa vile pa kulima ni padogo tumefikiria mapolo ya mchele yaliyokwisha kutumika.

Tunaomba wanaojua watueleze: ndani ya polo tutie nini na kwa kiasi gani? Maji ya kisima hiki yatafaa au yataua mboga? Na pesa za mboga ziingie kwenye sanduku la hisa au zikae mbali? Hapa ndipo tulipogawika. Wengine wanataka tugawane sawasawa, wengine wanasema anayekuja kumwagilia alfajiri hawezi kupata sawa na asiyeonekana. Halafu kuna wenzetu wanaoweka hisa lakini hawakopi kabisa, kwa sababu mkopo wetu una ziada ya asilimia 10 na wao wanaiona ni riba. Hatutaki waondoke.

Shamba_Darasa:

Waalaykum salaam mama. Kabla ya udongo, karatasi. Kiwanja cha kupewa kwa mdomo hudumu mpaka siku mwenyewe aliposikia mboga zinauzika, au kijana wake amerudi kutoka Dubai anataka kujenga. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja, utiwe saini na mwenye kiwanja, mwenyekiti na katibu wenu, sheha awe shahidi. Uandikwe muda (miaka miwili si mibaya kwa kuanzia), vipimo vya kiwanja, notisi ya miezi mitatu ili mboga zilizomo ziishe kuvunwa, na sharti kwamba hamupandi mti wowote wa kudumu. Hilo la mwisho ndilo litakalomtuliza. Kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, mtu ana mikarafuu yake ndani ya shamba la mwengine. Akiona munachomeka michungwa anajua kuna dai linakuja.

Idadi ya mapolo ipangwe na maji, si na mapolo mliyokusanya. Polo la kilo 50 likishajazwa hutaka lita 5 hadi 7 kwa siku wakati wa kaskazi, nusu asubuhi nusu jioni. Mapolo 22 kwa lita 6 ni lita 132, yaani madumu 7 ya lita 20. Mkiweka mapolo 44 ni madumu zaidi ya 13 kila siku ya Mungu, na matuta bado hamujayanywesha. Anzeni na 22. Masika polo halihitaji kumwagiliwa isipokuwa mvua ikikatika siku tatu nne.

Mchanganyiko wa kutia poloni upimwe kwa ndoo za lita 20, kwa uwiano, mpaka polo lijae kufika sentimita 60. Mimi ningetia ndoo 2 za udongo wa kinongo, ndoo 1 na nusu ya samadi iliyooza kabisa, na ndoo 1 ya makumbi ya nazi yaliyooza na kusagika. Mkikosa makumbi tieni mchanga wa shimo. Mchanga wa ufukweni usiguswe, una chumvi. Udongo wa karibu na gereji nao muuache, una mafuta machafu na risasi ya betri, na mboga za majani huchafuka nayo. Makumbi mabichi yana chumvi na rangi inayodumaza mizizi: yaroweke kwenye pipa siku tatu, kila siku maji yamwagwe yatiwe mengine. Ya zamani, yaliyolala chini ya mnazi misimu miwili na kuwa meusi, hayahitaji hayo yote.

Samadi ya kuku wa nyama ndiyo inayopatikana kwa wingi mjini na ndiyo inayounguza miche mingi. Ikitoka bandani bado ina makali ya mkojo. Irundikwe, imwagiwe maji iwe na unyevu, ipinduliwe kila wiki mbili, na ikae wiki sita hadi nane. Kipimo ni fimbo: ichomekeni katikati ya rundo, iacheni dakika kumi, itoeni. Ikiwa ya moto mkononi, bado. Ikiwa baridi na harufu ni ya udongo wa msituni, tumieni.

Kujaza. Polo liwekwe mahali pake kabla ya kujazwa, kwa sababu likirowa linakuwa zito mno na halisukumiki. (Wanaoishi ghorofani wasiweke mapolo kwenye baraza za juu. Ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini zinatosha.) Tieni udongo kina cha kiganja, kisha simamisheni katikati kopo kubwa la maziwa lililokatwa juu na chini. Jazeni kopo kwa vijiwe vya ukubwa wa ndimu, tieni udongo pembeni mpaka usawa wa kopo, shindilieni kidogo kwa mkono, vuteni kopo juu, jazeni tena. Mkimaliza kuna nguzo ya vijiwe kutoka chini mpaka juu, na maji yanashuka kwa hiyo nguzo mpaka mizizi ya chini. Polo lisilo na nguzo hiyo juu linakuwa tope na chini vumbi. Nguzo ya kokoto kubwa sana nayo ni tatizo, maji yanapita moja kwa moja na kutokea chini bila kulowesha ubavu.

Juu bakisheni sentimita 10 za polo bila udongo ili maji yasimwagike. Mwagilieni siku saba bila kupanda kitu, udongo utakaa chini, ongezeni. Hapo ndipo munatoboa: mkato wa sentimita 3 wenye umbo la V, usiwe tundu la duara, maana udongo utatoka. Mstari wa kwanza uwe sentimita 20 kutoka chini, baina ya tundu na tundu sentimita 20, na mistari ipishane. Mistari mitatu inakupa mashimo 15 hadi 18.

Ubavuni yanafaa matembele, mnavu, spinachi, nanaa. Juu mpande bilingani 1, au tungule 2, au pilipili 3, si vyote. Mchicha na kotmiri visipelekwe ubavuni, havipendi kuhamishwa. Vyao ni matuta: ile nusu yenye udongo mwembamba izungushieni mawe, ambayo kwenu hayana bei, mpandishe tuta la mita 1 kwa 5 lenye kina cha sentimita 20. Mbegu ya mchicha gramu 10 zinatosha tuta hilo, zichanganywe na mchanga mkavu kikombe kimoja ili zisirundikane. Fanyeni matuta manne na msie moja kila wiki. Mchicha ni siku 25 hadi 30, kwa hiyo tuta la nne likiota la kwanza linavunwa. Mkisia yote siku moja mutakula mchicha wiki nzima, na ya pili mutauangalia unatoa maua.

Jambo la mwisho, majivu. Kila mtu atawaambia mtie majivu ya jikoni. Kwenye udongo mwekundu wa Pemba, ambao una uchachu, majivu yanasaidia. Kwenye uwanda wa Chukwani udongo umetokana na jiwe la chokaa, tayari uko upande wa pili, na majivu yanazidisha. Mutaona jani changa la juu limekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani: hiyo ni njaa ya chuma, chuma kipo udongoni lakini mzizi hauwezi kukichukua. Dawa ni mboji zaidi na kuacha majivu. Likianza manjano jani la zamani la chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na dawa yake ni samadi. Watu huzichanganya hizi mbili na kutibu isiyokuwepo.

Maji_Wete:

Nilipokee la maji. Ladha haitoshi, ulimi wa mtu mmoja si wa mwengine. Tafuteni kipima chumvi cha mkononi, kile kama kalamu. Kiwekeni kisome mikrosimensi (µS), si ppm (sehemu kwa milioni), kwa sababu vipima vya bei nafuu vinageuza kuwa ppm kwa hesabu zisizolingana na munaweza kudanganyika kwa robo nzima. Chini ya 700 maji hayana tatizo. Kati ya 700 na 3,000 munachagua cha kupanda na munamwagilia kwa utaratibu. Zaidi ya 3,000 acheni, labda mpande minazi. Hivyo ni viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na vinafanya kazi kwetu kama kwengine.

Pimeni maji ya asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota, halafu ya jioni. Ikipanda sana jioni, kisima kinavutwa kwa kasi. Pembezoni mwa kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe, na ukichota mengi kwa pampu kwa wakati mmoja ya chini yanapanda. Chota kidogo kidogo, jaza pipa usiku, mwagilia asubuhi. Na mpime kila mwezi, kwa sababu mwisho wa kaskazi kisima si kile cha baada ya masika.

Mama_Chukwani:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Tumeazima kipima, asubuhi kimesoma 1,480 na jioni 1,560.

Maji_Wete:

Hapo mumo katikati, haiko mbaya. Tungule haiguswi na kiwango hicho, inavumilia mpaka 1,700 bila kupungua. Kunde hata 3,000 hazijali, na ziongezeni kwenye orodha yenu, majani ya kunde yanauzika. Pilipili itapungua kama sehemu moja ya kumi. Maharage yatapungua robo, kwa hiyo musiyapande. Mchicha unastahimili. Kotmiri na miche yoyote michanga ndiyo dhaifu, wiki tatu za mwanzo ipewe maji ya mvua au ya mfereji mkiyapata.

Mvua hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, toeni sehemu ya tano inayopotea, munabaki na lita 640. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka, kwa hiyo kinachokosekana ni pahala pa kuyaweka. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwageni, yamebeba vumbi na mavi ya kunguru. Mdomo wa tangi ufungwe chandarua kizima, mbu wa dengi anazaa kwenye maji safi ya aina hiyo. Maji ya mvua na ya kisima nusu kwa nusu yanawapeleka karibu na 750, hapo munapanda munachotaka.

Kwa yale ya kisima peke yake, kosa kubwa ni kumwagilia kidogo kidogo. Maji yanakauka, chumvi inabaki, siku ya ishirini juu ya udongo pana ukoko mweupe na ncha za majani zimeungua. Mara moja kwa wiki mwagieni polo mpaka lita moja au mbili zitoke chini, zinaondoka na chumvi. Na mumwagilie udongo, si majani. Tone la chumvi likikauka juu ya jani la mchicha mchana linaacha doa.

Maji ya mtaro hata yawe mengi vipi musiyatie. Kotmiri na nanaa zinaliwa mbichi, na kipindupindu tunakijua.

Hazina_ya_Shehia:

Mimi nitasema ya pesa, na nitasema moja kwa moja: sanduku la hisa na sanduku la bustani ni vitu viwili, kila kimoja na daftari lake na mshika pesa wake. Hisa ni akiba ya mtu binafsi, lazima aione siku ya mgao. Bustani ni biashara, inaweza kupata hasara. Mkizichanganya, mwezi ambao tungule zimeliwa na wadudu ndio mwezi ambao akiba ya mjane imenunua dawa ya wadudu bila yeye kuulizwa. Kikundi kikitaka pesa za hisa ziwe mtaji wa bustani, zitoke kwa kura, kiasi kitajwe, na tarehe ya kurudishwa iandikwe kwenye daftari zote mbili.

Mfumo wa hisa munaoutumia asili yake ni Niger, shirika la CARE lilianza nao kule 1991, na misingi yake ni mizuri, musiilegeze. Wanachama 15 hadi 30. Bei ya hisa haibadilishwi katikati ya mzunguko. Mtu anunue hisa 1 hadi 5 kwa kikao, si zaidi, ili mwenye nacho asimeze wengine. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba yake. Sanduku la makufuli matatu, funguo kwa wanachama watatu wasiokuwa viongozi na wasiokuwa nyumba moja, sanduku lenyewe kwa wa nne. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, na kabla ya kufunga kila mtu aikariri kwa sauti jumla iliyobaki. Hiyo ya kukariri watu huiona ya kitoto, lakini ndiyo inayomlinda asiyejua kusoma. Mfuko wa jamii wa maziko na maradhi ukae kwenye kitambaa chake ndani ya sanduku hilohilo na usikopeshwe.

Mgawo wa bustani. Sawasawa ni rahisi kutangaza na ndio unaovunja vikundi, kwa sababu Januari jua linapowaka wanaobaki kumwagilia ni walewale sita. Lipeni kwa zamu. Watu wawili asubuhi, wawili jioni, siku 30: zamu 120 kwa mwezi. Tuseme mauzo ya mwezi ni 260,000. Gharama za mbegu, samadi na usafiri 60,000 zinatoka kwanza. Zinabaki 200,000. Asilimia 10, yaani 20,000, ni akiba ya bustani kwa msimu unaofuata, kwa sababu mapolo yanaoza kwa jua baada ya mwaka au miaka miwili na lazima yabadilishwe. Zinabaki 180,000, gawa kwa 120, kila zamu ni 1,500. Aliyefanya zamu 8 anachukua 12,000, aliyefanya 3 anachukua 4,500. Aliyejifungua au anayeuguza asikatwe jina. Mwekeeni zamu mbili za heshima kwa mwezi, ziandikwe katika kanuni, isiwe huruma ya mwenyekiti.

Hayo ni ya matuta. Mapolo ningeyagawa, kila mama lake na namba yake. Udongo, kitalu cha miche, maji na kuuza vibaki vya pamoja, kwa kuwa ndivyo mtu peke yake haviwezi. Mboga ya polo ni yake, akipenda ale, akipenda aiuze kupitia kapu la kikundi na kikundi kikate 100 kwa kila 1,000.

Sasa ziada ya asilimia 10. Wenzenu wana haki ya kuuliza na musiwabishie. Muulizeni sheikh munayemwamini kabla ya kuandika katiba, lakini njia zinazotumika ni hizi. Moja, mkopo bila ziada yoyote, analorudisha ndilo alilochukua, na faida ya kikundi itoke kwenye bustani tu. Kikundi hakitanenepa haraka, ila kimetulia. Ya pili, kikundi kinanunua kitu na kumuuzia mwanachama kwa faida inayojulikana. Anataka pipa la maji: kikundi kinalinunua dukani kwa 60,000, linakuwa mali ya kikundi kwanza, kisha kinamuuzia kwa 66,000 kwa wiki 12, 5,500 kila wiki. Akichelewa bei haipandi. Pakiwa na kukabidhiwa pesa mkononi akanunue mwenyewe huku mukiandika "tumemuuzia pipa", hapo mumebadilisha jina tu. Ya tatu, kikundi kinatoa mtaji, mama anafanya biashara, faida inagawiwa kwa kiwango kilichokubaliwa mwanzo, tuseme 40 kwa 60. Hasara ikitokea bila uzembe wake, ya mtaji ni ya kikundi, yeye amepoteza jasho lake. Hiyo inataka daftari la biashara lililo safi, na wengi hawana.

Faini za kuchelewa ziende sadaka au mfuko wa jamii, zisiingie kwenye faida.

Mfano wa mgao: wanachama 22, wastani wa hisa 2 na nusu kwa wiki, wiki 48, ni hisa 2,640. Kwa 2,000 ni 5,280,000. Faida ya kuuziana ikiwa 396,000, kila hisa inapata 150. Mwenye hisa 100 anaondoka na 215,000. Andikeni hivyo ukutani ili kila mmoja ajipigie yake.

Bi_Kitalu:

Yote sawa ila la mapolo kuwa ya mtu mmoja mmoja silikubali bila sharti. Mwenye zamu humwagilia lake lita kumi na la jirani vikombe viwili, hilo mutaliona wiki ya pili. Ama mpime kwa kopo moja lililowekwa alama ya lita 3, mapolo yote sawa, ama mapolo yote yawe ya pamoja miezi sita ya mwanzo mpaka watu wazoee. Na namba zisifuate majina kwa mstari. Mapolo ya karibu na mwembe yanapata kivuli cha mchana, ya mwisho yanapigwa jua siku nzima, kwa hiyo mpige kura. Kwa ile sehemu ya kivuli pandeni nanaa, kotmiri na spinachi. Tungule na bamia zinataka jua la angalau saa sita kwa siku.

Wadudu. Miche ikipandikizwa tu, adui wa kwanza ni kuku na kunguru, na dawa yao ni wavu, hakuna nyengine. Masika konokono wakubwa: okoteni usiku kwa tochi, watieni kwenye ndoo ya maji ya chumvi mbali na mapolo. Vidukari na inzi weupe: majani ya mwarubaini kilo 1 yapondwe, yalale katika lita 10 za maji, yachujwe, itiwe kijiko cha sabuni ya maji, mpulizie jioni chini ya jani. Mukipuliza asubuhi jua linaiua dawa kabla haijafanya kazi. Inzi weupe ndio wanaoleta rasta, ugonjwa wa kujikunja majani, kwenye tungule. Mche uliojikunja majani hauponi, ng'oeni uende mbali, si kwenye mboji. Kiwavi anayeitwa kantangaze anakula ndani ya jani la tungule na kuacha mabaka meupe: vunjeni jani siku hiyohiyo, lifungeni ndani ya mfuko, likae juani.

Mkiona bamia au tungule inanyauka mchana na kuinuka usiku, na maji ipo nayo, ng'oeni moja muangalie mzizi. Ukiwa na mafundo kama shanga ni minyoo fundo. Udongo huo musiuhamishie polo jengine. Umwageni juu ya karatasi ya nailoni, ulowesheni, ufunikeni na nailoni angavu wiki sita za kaskazi, jua litaupika.

Shamba_Darasa:

Bi Kitalu kasema kweli juu ya kopo la lita 3, liandikeni kwenye kanuni.

Ramadhani. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na miaka hii imeangukia kaskazi, jua kali na maji machache, ndiyo maana bei inapanda. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, kwa mwandamo. Hesabuni kinyumenyume. Tungule zinataka siku 75 baada ya kupandikizwa na mwezi mzima kitaluni kabla ya hapo: mbegu kitaluni wiki ya mwisho ya Oktoba, mche kwenye polo mwisho wa Novemba. Vuli itawasaidia maji, ila mvua ikizidi zinapata ukungu, kwa hiyo majani ya chini yakatwe yasiguse udongo. Bamia zipandeni katikati ya Disemba. Kotmiri ni siku 40, isieni 30 Disemba na kila wiki mpaka mwisho wa Januari. Mbegu yake ni mbili zilizoshikana, ipondeni kidogo kwa chupa zitengane, ilale kwenye maji usiku mmoja, kisha wekeni makuti machache juu ya tuta. Kotmiri ya jua kali inakimbilia maua kabla haijajaza fungu.

Kuuza, musipeleke kila mmoja kifungu chake sokoni. Wanawake wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara hapa 1989, wanajua mnunuzi anavyopanga bei akikutana na muuzaji mmoja mmoja. Mtu mmoja awe na kapu, bei moja, mafungu ya ukubwa mmoja. Mwezi wa Ramadhani wateja wanatoka baada ya adhuhuri, kwa hiyo vuneni mara baada ya sala ya alfajiri, mafungu yafunikwe kwa polo la mkonge lililoloweshwa, yakae chini ya mwembe mpaka saa saba. Yasitiwe ndani ya maji, mchicha uliozama unaoza shina kabla ya magharibi.